Krimu au kijani cha chupa? Jibu kwa dada wa Donholm

Swali lililokuja, nimelifupisha kidogo:

"Tunakaa Donholm, flati ya kupanga, ghorofa ya tatu, juu yetu imebaki moja tu. Sebule ni futi 12 kwa 14, kuta zina futi 9 kwenda juu. Dirisha ni moja kubwa, liko upande mfupi, linatazama kaskazini kupitia balkoni, na ng'ambo kama futi 20 hivi kuna jengo la jirani limepakwa rangi ya machungwa. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio wenye TV. Makochi ni ya kahawia, sakafu ni taili za krimu. Mimi nashona nguo hapa nyumbani, cherehani iko kando ya dirisha, na watoto wawili wanafanyia homuweki mezani karibu na mimi. Mume wangu anataka sebule yote iwe kijani kizito kile cha chupa, mimi nataka krimu. Landilodi amesema tupake tunachotaka bora tukihama turudishe vile tulikuta. Fundi anakuja mwisho wa Julai. Nani ako sawa?"

Dada, nianze na jibu lenyewe ndio usisome yote ukiwa na presha: kuta tatu krimu, dari nyeupe, na ule ukuta wa TV upakwe kijani cha shemeji. Hapo sijagawa ugomvi katikati ili kila mtu apate kipande chake. Hata kama nyinyi wawili mngekuwa mmekubaliana kijani kila mahali, bado ningewaambia mkiweke kwa ukuta huo mmoja, na kama mngekubaliana krimu tupu ningewauliza mbona ukuta mzuri hivyo mnauacha ukae bure. Sababu ni mwanga. Watu wanachagua rangi wakiwa kwa kaunta ya hadiwea wameshika kadi ndogo, wanaulizana ipi ni poa, na kitu cha kuulizana kwanza ni chumba kinapata mwanga gani, saa ngapi, na nani yuko ndani saa hizo. Hiyo sebule yenu mchana ni yako na cherehani, usiku ni ya shemeji na TV, sasa kila mmoja anachagua rangi ya saa zake ndio maana hamsikizani.

Tuanze na dirisha. Ukitafuta mtandaoni utasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi, hakioni jua, eti kipakwe rangi za joto. Hiyo ni kweli kwa Uingereza na Marekani kwa sababu kule jua la saa sita liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi Nairobi tuko kama digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta kwa hivyo jua linatuvuka, mwezi wa 6 liko kaskazini, mwezi wa 12 liko kusini, na Machi na Septemba saa sita mchana liko karibu juu ya utosi. Kwa hivyo dirisha lako lina haki ya jua kuanzia Machi hivi hadi Septemba, halafu miezi ile mingine yote haliguswi kabisa. Ushauri wa kule usiuchukue mzimamzima ukaleta Donholm.

Sasa utasema basi Juni na Julai si ndio chumba kinafaa kung'ara. Haking'ari, na nina hakika wewe mwenyewe umeshaona. Jua la hapa hata mwezi wa 6 liko juu sana saa sita, kama digrii 65 ukipima kutoka chini, na wewe uko na slabu ya balkoni ya jirani wa juu imetokeza mbele ya dirisha. Chukulia slabu imetokeza futi 4, kwa pembe hiyo inatupa kivuli cha zaidi ya futi 8 kwenda chini, yaani karibu dirisha lote liko kivulini katikati ya siku. Jua litachungulia asubuhi na jioni likiwa chini, kwa upande, basi. Halafu Juni na Julai ndio miezi yetu ya mawingu na baridi, anga limefunga tangu asubuhi, kwa hivyo hata hiyo haki ya jua uliyo nayo kwa karatasi huioni.

Kwa hivyo mwanga wako unatoka kwa anga tu, na kwa ule ukuta wa jirani. Na huo ukuta usiudharau. Unatazama kusini, si ndio? Basi Disemba na Januari jua likiwa kusini linaupiga ukuta huo vizuri, na kwa vile juu yenu kumebaki ghorofa moja tu jengo lenu haliufuniki, ule umachungwa wote unarushwa ng'ambo kwako. Julai umekaa kivulini, umepoa, hausumbui mtu. Maana yake fundi wako anakuja wakati mwanga wa chumba chako ni wa kijivu kuliko wakati wowote wa mwaka, na rangi utakayoipenda Julai itakutana na mwanga mwingine kabisa ukifika mwaka mpya. Shika hapo, nitarudi.

Jambo lingine ni jinsi mwanga unavyozunguka ndani. Kila rangi ina namba ya mwanga inaorudisha, inaitwa LRV, inaanza 0 ambayo ni weusi kabisa mpaka 100 ambayo ni weupe kabisa, na kampuni nyingi za rangi wanayo kwa kadi au kwa katalogi, ukiuliza utaambiwa. Krimu nyingi ziko kama 75 mpaka 80. Kijani cha chupa kiko chini ya 10, tuseme 7. Mwanga ukiingia dirishani ukagonga ukuta wa krimu ya 80, katika kila 100 zinarudi 80, zikigonga ukuta wa pili zinabaki 64, wa tatu 51, kwa hivyo hata ukikaa kona ya nyuma bado kuna kitu kinakufikia. Fanya hesabu hiyo hiyo na kijani: mgongano wa kwanza zinarudi 7, wa pili haifiki hata 1. Chumba kikiwa na dirisha moja chenye mwanga wa kudundadunda kama chako, kuta zenyewe ndio taa yako ya pili. Ukizipaka zote kijani umeizima hiyo taa, utashona ukiwa umewasha balbu saa nne asubuhi na watoto watainamia vitabu.

Na wewe ni fundi wa nguo, hii inakuhusu zaidi ya mtu mwingine. Ukuta wa rangi kali unapaka rangi kila kitu kilicho karibu nao. Mteja akikuletea kitambaa cheupe cha harusi ukakaa nacho kando ya ukuta wa kijani, ule ukijani utaingia kwa kitambaa, utachagua uzi ukidhani umelingana halafu ukitoka nje unaona havifanani. Krimu nayo inapaka, sikudanganyi, lakini kidogo na kwa njia ambayo jicho linaizoea. Uzi wa kazi muhimu bado ulinganishe balkoni.

Sasa mbona ukuta wa TV na si mwingine? Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea, wanaambiwa weka ukuta mmoja wa rangi tofauti wanachagua ule mrefu kwa sababu unaonekana. Angalia kuta zako moja moja. Ukuta wenye dirisha lenyewe usiuguse na rangi nzito hata kwa bahati mbaya. Huo ndio ukuta wenye mwanga mdogo kuliko zote ndani ya chumba kwa sababu dirisha haliwezi kujimulika, sasa ukiupaka kijani dirisha linakuwa kama tochi usoni, jicho linahangaika kati ya mwangaza wa nje na weusi unaolizunguka, na wewe ndiye unakaa hapo mchana kutwa. Kuta za pembeni, zile za futi 14, mwanga unazipitia kwa ubavu. Mwanga wa ubavu unafichua kila wimbi la plasta, kila mahali pamejazwa fila, na rangi nzito inafanya hiyo iwe mara mbili. Tena hizo za pembeni ndizo zilizo karibu na cherehani, ndizo zinakudundishia mwanga.

Ukuta wa TV unatazamana na dirisha uso kwa uso. Mwanga unaugonga kutoka mbele, si kwa ubavu, kwa hivyo plasta mbaya haionekani sana. Unapata mwanga wa kutosha kijani kionekane kijani, kisigeuke cheusi. Uko mbali na cherehani kwa hivyo hasara yako ya mwanga ni ndogo. Na usiku shemeji akikaa kwa kochi ndio ukuta anaoutazama, saa mbili tatu nzima, yaani anapata kijani chake chote bila kujua kuna kuta zingine. TV ni nyeusi na waya zake ni nyeusi, kwa krimu zinaonekana kama doa, kwa kijani kizito zinapotea. Kitu kimoja tu, usiku msizime taa zote mkabaki na TV peke yake mbele ya ukuta mweusi, macho yanachoka, acheni taa ndogo ya pembeni ikiwaka.

Makochi pia yanapendelea mpango huu. Kochi la kahawia likiegemea ukuta wa kijani cha chupa, usiku vyote viwili ni giza, huoni kochi linaishia wapi. Likiegemea krimu linasimama lenyewe, unaona umbo lake. Kwa hivyo makochi yabaki upande wa krimu.

Haya, krimu. Usiende dukani kusema "nipe krimu" kwa sababu krimu si rangi moja, kuna inayoelekea pichi, kuna inayoelekea njano ya siagi, kuna inayoelekea kijivu. Kwa kadi zote zinafanana. Ujanja ni kuziweka tatu nne pamoja juu ya karatasi nyeupe ya A4, papo hapo utaona hii kumbe ni ya waridi, hii ni ya njano. Wewe nataka uchukue ile inayoelekea kijivu, iliyopoa, ambayo kwa kadi utaiona kama haina raha. Najua utasita. Sababu ni mbili na zote zinasukuma upande mmoja. Ya kwanza ni ule ukuta wa machungwa wa jirani, Disemba utaijaza krimu yako umachungwa, krimu ya pichi itageuka rangi ya juisi.

Ya pili ni kijani chenyewe. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, kuanzia 1824 alikuwa msimamizi wa rangi za nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins huko Paris, wale wanaofuma mapambo ya ukutani. Watu walikuwa wanalalamika nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina shida yoyote, shida ni rangi zilizofumwa kando yake, zinalidanganya jicho. Mwaka 1839 akachapisha aliyoyapata, na mpaka leo ndio msingi wa kazi yetu: rangi moja inaisukuma jirani yake iende upande wa pili. Kijani kinasukuma jirani yake aelekee wekundu. Wewe una vitambaa hapo nyumbani, usiniamini bure. Kata vipande viwili vya kitambaa kimoja cha krimu, kimoja kiweke juu ya kijani kizito, kingine juu ya kahawia, rudi nyuma hatua tatu uangalie. Utaapa ni vitambaa viwili tofauti, kile cha kwa kijani kimeingia uwaridi. Hivyo ndivyo kuta zako za krimu zitafanya zikikutana na ukuta wa TV kwa kona. Kwa hivyo ukianza na krimu iliyopoa, ukuta wa jirani unaipasha moto, kijani kinaipasha moto, mwishowe unapata ile krimu uliyokuwa unaiota. Ukianza na ya joto unaishia pichi na hukuomba pichi.

Kijani nacho kina aina zake. Kuna kinachoelekea buluu na kuna kinachoelekea njano, kile cha rangi ya jeshi. Shemeji achague kinachoelekea buluu kidogo. Kijani chenye njano ndani yake kikipata mwanga wa machungwa au balbu ya manjano kinageuka tope, na pamoja na makochi ya kahawia sebule yote itaonekana imechafuka. Halafu akishachagua kwenye kadi, achukue hatua moja juu, yaani iliyofunguka kidogo kuliko anayoipenda. Huo ukuta uko mwisho wa chumba, mwanga unaoufikia si kama wa kaunta ya duka, rangi itaonekana nzito zaidi ya ilivyo. Mtu akipuuza hii anapata ukuta ambao usiku ni mweusi tu, na hapo ndipo ninasikia watu wakisema rangi walipewa siyo.

Balbu sasa, na hii ni rahisi lakini inaharibu kazi nyingi nzuri. Angalia boksi la balbu, kuna namba yenye K. Ikiwa 6500K hiyo ni ile nyeupe ya kibuluu ambayo imejaa kila duka mtaani, krimu chini yake inakuwa kama imekufa na kijani kinakuwa baridi cha hospitali. Ikiwa 2700K au 3000K ni ya manjano, krimu inanawiri na makochi ya kahawia yanapendeza, lakini kijani kinavutwa kwenda kwa majani makavu. Mimi kwa sebule hiyo ningeweka 4000K kwa dari, taa ndogo ya 3000K upande wa TV, na kwa cherehani taa yako mwenyewe ya mezani, tafuta iliyoandikwa CRI 90 au zaidi ndio rangi za vitambaa zionekane zilivyo. Muhimu ni hivi, nunua balbu KABLA ya kuchagua rangi. Ukichagua na balbu ya zamani halafu ukabadilisha, umebadilisha rangi ya nyumba.

Kujaribu. Tafadhali msipake viraka kwenye ukuta wa sasa, rangi ya zamani inayozunguka kiraka itawadanganya, ni yale yale ya Chevreul. Chukueni vipande vya plaiwudi au manila nzito, futi 2 kwa 2, vipakwe mara mbili mpaka ukingoni, viachwe vikauke mpaka kesho yake kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana imefunguka kuliko ikikauka. Visimamishwe wima kwa ukuta vitakapokuwa, si kulazwa sakafuni, mwanga wa sakafuni ni mwingine. Cha kijani kikae kwa TV, cha krimu kikae kando ya cherehani, halafu mara nyingine viungane kwa kona ile vitakapokutania. Viangalie saa tatu asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Saa mbili usiku muwe wote wawili, na mchana shemeji akiwa nyumbani wikendi akae kwa kiti chako cha cherehani, si kwa kochi. Mabishano mengi ya rangi yanaisha mtu akikaa kwa kiti cha mwenzake.

Na kwa sababu ni Julai, ongeza jaribio moja. Tafuta kitambaa cha machungwa, una vingi, kitundike balkoni siku ambayo kuna jua angalau kidogo, uangalie kile kibao cha krimu kinafanya nini. Si sawa kabisa na Januari lakini utapata picha.

Fundi akija, kuna mambo ya kumsimamia. Kwanza apitishe kitambaa cheusi kwa ukuta wa sasa. Kikitoka na unga mweupe, hiyo rangi ya zamani ni ya bei rahisi imeshakufa, asipake juu yake, akwangue, apige msasa, aweke praima, la sivyo rangi yako nzuri itabanduka kama maganda. Aangalie pia kama kuna unyevu umebaki kutoka mvua za Machi hadi Mei, hasa kona za upande wa balkoni.

Pili, kijani kizito hakifuniki vizuri. Wateja wanashangaa hapa, wanadhani rangi nzito inafunika haraka. Ile rangi inayochanganywa kwa mashine dukani, iwe ni ya Crown, ya Basco au ya Plascon, ikiwa nzito inaanza na besi, yaani rangi ya kuanzia kabla mashine haijaongeza rangi, isiyo na weupe mwingi ndani, na ule weupe ndio unaofunika. Kwa hivyo ukuta wa TV upakwe kwanza andakoti iliyotiwa kijivu, halafu kijani mara mbili, na hesabia ya tatu. Bila andakoti ya kijivu utaona mistari ya rola ikipishana mpaka uchoke.

Lita: lita moja inapiga kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, ukuta ukiwa laini. Ukuta wa TV ni futi 12 kwa 9, karibu mita 10 za mraba, kwa hivyo mikono mitatu ni lita 3. Kuta tatu za krimu ukitoa dirisha na mlango zinabaki kama mita 25, mikono miwili ni lita 5, chukua mkebe wa lita 4 na wa lita 1, na ukuta ukiwa unakunywa sana ongeza lita nyingine. Mikebe ya rangi moja imwagwe yote kwa ndoo moja ikorogwe pamoja kabla ya kuanza, mkebe na mkebe hutofautiana kidogo, na ukuta hausamehi hilo. Sebule yote ikiwa kijani, hiyo ni mita 35 mara tatu, lita 10 na nusu za rangi ya bei ya juu. Mwambie shemeji hiyo pia.

Krimu iwe silki, ile inayong'aa kiasi, watoto wana mikono, unapangusa na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kijani kiwe cha kung'aa kidogo sana, ile ya katikati, kwa sababu mati tupu, ile isiyong'aa kabisa, ikiwa nzito ukiikwaruza na kiti inaacha alama nyeupe na silki kwa rangi nzito inakurudishia picha ya dirisha kama kioo. Wengine watakushauri upake kijani chini mpaka futi 4 na krimu juu, eti watoto wasichafue. Inafanya kazi, ndio maana shule na hospitali zetu nyingi zimepakwa hivyo miaka yote, lakini kwa sebule ya dirisha moja kijani kikizunguka chumba chote kitakula mwanga mwingi, mimi siitaki hapo.

Mahali rangi mbili zinapokutana kwa kona ndipo kazi nzuri na mbaya zinaachana. Kona za flati nyingi hazijanyooka, ukifuata kona yenyewe utapata mstari wa nyoka. Fundi apake krimu kwanza, aivushe kona iingie kidogo upande wa TV, ikauke, achore mstari kwa levo upande huo huo wa TV milimita chache kutoka kona, abandike tepu kwa mstari. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaruka, apitishe krimu tena kwa ukingo wa tepu iingie kwa mianya yote, ikauke, ndio apake kijani. Tepu ivutwe kijani kikiwa bado hakijakauka kabisa. Mstari utatoka kama umekatwa na wembe.

Kuhusu landilodi, amesema kwa mdomo? Mtumie meseji umshukuru kwa ruhusa na utaje ukuta upi na rangi gani, ajibu, ihifadhi. Piga picha za kuta zilivyo leo. Kurudisha ukuta mmoja wa kijani ni praima nyeupe mkono mmoja na rangi ya zamani miwili, kazi ya wikendi. Kurudisha sebule nzima ni kazi ambayo landilodi ataikata kwa dipoziti bila kukuuliza.

Na shemeji akibaki na kiu ya chumba kizima cha kijani, si vibaya, ladha yake ni nzuri, chumba tu ndicho kilikuwa kimekataa. Chumba cha kulala kinaweza. Mnaingia usiku, mnawasha taa ya manjano, hakuna mtu anatunga uzi kwa sindano humo, ule uzito wa kijani unakuwa utulivu. Mkiamua hivyo, nunueni kijani cha vyumba vyote viwili siku moja kwa mchanganyo mmoja, mwambie wa dukani akuandikie namba ya mchanganyo kwa kifuniko, na nusu lita ya kila rangi ibaki imefungwa vizuri chini ya kitanda kwa ajili ya kuziba pale mtoto atapogonga na baiskeli.